Amekaa Tu, Anasuka

Kibiti, habari ya msiba ikishatangazwa msikitini, kinachotangulia kufika nyumbani kwa wafiwa ni mikeka. Sufuria kubwa bado hazijaazimwa, turubai halijafungwa, lakini mabinti wa majirani wameshaingia uani na mikeka kichwani. Hawaulizi. Wanatandika ndani na barazani kwa wanawake, chini ya mwembe kwa wanaume, kisha wanakwenda kuteka maji. Hakuna anayeandika upi ni wa nani. Siku tanga linapoanuliwa kila mwenye mkeka anautambua wake, anaukung'uta mchanga, anaukunja, anaondoka nao.

Mama yetu alipofariki, dada yetu mkubwa aliketi ndani na wanawake wenzake. Vilio vilipotulia kidogo alianza kupapasa mshono wa mkeka aliokalia. Akainua ukingo, akatazama upande wa chini. Ulikuwa wa mama. Wa pembeni yake pia. Na ule wa mlangoni, ulioletwa na mwanamke aliyeununua zamani alipokuwa akimwoza bintiye. Mingi kati ya mikeka ya matanga yale ilikuwa imetoka mikononi mwa marehemu mwenyewe. Watu walikuja kumlilia, kumbe yeye ndiye aliyewatandikia.

Katika mitaa yetu, ukimuulizia mwanamke msusi utajibiwa: "Yupo, amekaa tu, anasuka." Jibu hilo halina dharau hata kidogo. Mwenye jembe mkononi huonekana analima, mwenye mwiko huonekana anapika. Msusi, kwa kuwa ameketi na miguu ameinyoosha, huonekana amepumzika. Mama aliishi ndani ya jibu hilo tangu usichana hadi uzee. Sisi wanawe tumeona kwamba sifa inayomfaa ni kueleza, hatua kwa hatua, alichokuwa akikifanya muda wote aliokuwa amekaa tu.

Kazi inaanzia bondeni. Mto Rufiji, kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika mikono mingi na kufanya delta yenye zaidi ya hekta 50,000 za mikoko. Wageni hupanda boti pale Nyamisati kwenda kuitazama mikoko hiyo. Msusi huelekea kwingine, juu zaidi, mahali ambapo maji ya chumvi yameshindwa na maji baridi, kwenye kingo za mito na mabonde ya mpunga. Huko ndiko unakoota mkindu, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata. Ni ndugu wa mtende. Huota kwa vichaka, mashina mengi kwa pamoja, na vikonyo vya makuti yake vina miba mirefu. Katika shina lote msusi anataka kuti moja tu: lile changa la katikati, lililosimama wima, ambalo majani yake bado yameshikana na hayajapigwa na jua. Ili alipate, lazima aupitishe mkono katikati ya miba.

Mama alizaliwa upande wa delta, na kanuni aliyorithi kwa bibi yetu ilikuwa kwamba kichaka hakiachwi uchi. Unakata kwenye shina hili, unaliruka lile, na kichaka ulichokikata hukirudii mpaka kimechipua tena. Alikuwa akiisema kanuni hiyo kwa sauti ileile aliyotumia kutuambia tusimalize mboga kabla baba hajarudi. Njia za bondeni zina viboko, na mtoni kuna mamba, kwa hiyo wanawake walikwenda kwa kundi, asubuhi, wakirudi na mizigo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Siku hiyo ikiisha, mkeka bado hauna hata uzi mmoja.

Nyumbani majani huachanishwa na kuanikwa. Ukindu mbichi una ukijani uliofifia. Jua huunyonya ukijani huo siku baada ya siku mpaka ukabaki mweupe wenye umanjano kwa mbali. Umande huutia madoa, kwa hiyo kila jioni huingizwa ndani. Mvua moja ya ghafla huuotesha ukungu. Ndiyo maana kuanika kwa wingi hungoja kipupwe, baada ya masika, wakati uleule ambao mpunga umevunwa na nao unadai jua. Uwanja wetu uligawanywa nusu kwa nusu, huku mpunga, huku ukindu, na kuku walifukuzwa kote kuwili.

Kisha huja kuchana. Kila jani hupasuliwa kwa ukucha au kisu kidogo, uti wake hutolewa, na kindu hulinganishwa upana moja baada ya nyingine. Hatua hii haina uzuri wowote wa kutazama, na hapa ndipo ubora wa mkeka unapoamuliwa. Kindu zilizopishana upana hazitoi ukili ulionyooka, hata mikono iwe hodari namna gani. Mama hakuwahi kuukata mfupi ukucha wa kidole gumba cha kulia. Ulikuwa chombo chake cha kazi. Dada, aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha, alituambia kwamba ukucha ule ulikuwa bado na mfereji wake.

Baada ya kuchana, rangi. Wazee walipata weusi kwa kuchemsha mizizi ya mdaa, na wekundu kwa magome ya mkandaa, mmoja wa miti ya mikokoni. Siku hizi rangi ni ya unga, hupimwa kwa kijiko dukani, ikachemshwa na ukindu katika debe ambalo halitapikiwa tena chakula. Mama alinunua rangi za dukani kwa nyekundu na zambarau, lakini weusi aliendelea kuuchemsha mwenyewe, kwa sababu aliogopa kuchuja. Mkeka ukiacha doa kwenye kanzu ya mtu siku ya Ijumaa, msusi ameaibika mbele ya msikiti mzima. Wenzake walijaza mikeka yao rangi hadi macho yakachoka. Wake ulikuwa mweupe karibu wote, na karibu na ukingo ukapita mstari mweusi mwembamba. Wanunuzi wengine waliuona umepoa mno. Hakuubadilisha.

Sasa ndipo anapokaa. Ukindu huloweshwa kidogo usikatike, kisha kindu kadhaa hushikanishwa na kuanza kupishana mshazari, juu na chini, na kutoka hapo hukua ukili, utepe mrefu ambao upana wake huamuliwa na idadi ya kindu zilizoingia. Mwanzoni, ukili ukiwa mfupi, huubana kwa kidole gumba cha mguu. Ukirefuka huukunja bunda na kuuweka pembeni. Upepo wa kaskazi ukivuma, ukindu hukauka upesi na kuvunjika vidoleni; basi kazi husogezwa alfajiri na jioni, wakati hewa ina unyevu. Ukili wa rangi ni wa mchana, kwa kuwa macho lazima yahesabu. Ukili mweupe unaweza kuwa wa usiku. Mama aliusuka kwenye mwanga wa kibatari akituuliza habari za shule, bila kuangalia chini hata mara moja.

Katika ufundi huu wote, kinachostahili sifa kubwa ni kuunga. Jani moja la ukindu ni fupi, na mkeka mmoja hula ukili wa pima nyingi. Kwa hiyo msusi hana budi kuunga wakati wote. Ukindu ukikaribia kwisha, kabla haujafika ncha, mwingine huingizwa juu yake. Zote mbili hutembea pamoja hatua chache, kisha wa zamani huachwa upande wa chini na mpya huendelea peke yake. Juu hutaona chochote. Chini kuna vincha vidogo ambavyo baadaye hupunguzwa kwa kisu. Ukitaka kumpima msusi, geuza mkeka. Asiye stadi, vincha vyake vimerundikana mahali pamoja, na hapo ndipo mkeka utakapokatikia. Vya mama vilitawanyika sawasawa, hakuna mahali palipobeba mzigo wa pengine. Hicho ndicho dada alichokiona alipoinua ukingo siku ya matanga.

Kuna jambo jingine kuhusu ukili ambalo tumelifahamu baada ya sisi wenyewe kuwa na nyumba na watoto. Mfumaji wa nguo ana kitanda cha kufumia. Lazima akifuate kilipo. Mfinyanzi ana udongo usiongoja. Ukili huingia kwenye kikapu. Unaweza kuuacha katikati ya hatua, ukaenda kugeuza wali, kumnyonyesha mtoto au kumpokea mgeni, ukarudi ukaukuta ulivyouacha. Mama aliusuka akiwa juu ya dungu shambani, akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe; aliusuka kwenye foleni ya kliniki, na kwenye baraza za watu alipokwenda kuwajulia hali wagonjwa. Ufundi huu ulibuniwa na watu ambao muda wao unadaiwa na wengine. Wanawake wa Rufiji hawakupewa siku nzima za kazi yao wenyewe, basi wakatengeneza kazi inayokubali kukatizwa. Kila mkeka wa mama umeunganishwa kwa robo saa zilizobaki baada ya sisi kumaliza kumhitaji.

Hatua moja tu ilidai siku nzima, nayo ni kushona. Kili hulazwa sakafuni, ukingo kwa ukingo, zikaunganishwa kwa sindano kubwa na uzi wa majani. Hapo panahitajika nafasi, na mikono zaidi ya miwili. Mama alisubiri likizo za shule. Mmoja wetu alishika ncha, mwingine alilowesha, mwingine alikaa juu ya sehemu iliyokwisha kushonwa isijikunje. "Vuta. Usivute kwa hasira, utaupinda. Legeza." Kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye sindano, siku hizo ndizo tulizoweza kumwambia mambo ambayo usoni tusingethubutu: nani amefeli, nani amependa, nani hataki kurudi shule. Alijibu bila kuinua kichwa, baada ya mishono kadhaa, na jibu lilikuwa limeshapoa. Mwisho alishona pindo la kitambaa kuzunguka mkeka wote, akaukunja, akauegemeza ukutani ungoje mnunuzi.

Wanunuzi walikuja kwa Barabara ya Kilwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya Kusini yalivuka mto kwa pantoni pale Ndundu, na safari iliyochelewa ilikuwa soko. Daraja lilipokuja magari yakaongezeka na mwendo ukaongezeka; wachuuzi wa Dar es Salaam wakaanza kuifuata mikeka majumbani na kuichukua kwa jumla. Mikeka ilikuwa daftari, sare, mafuta ya taa, nauli ya kwenda hospitali. Ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, iliondolewa mwaka 2016. Sisi tulikuwa tumeshamaliza, kwa mikeka.

Na mikeka ile ilikwenda wapi? Mahali pote ambapo mtu wa pwani hupumzisha mwili wake. Mtoto mchanga hulazwa juu yake. Mwali aliyewekwa ndani alikaa juu ya mkeka, na zamani huko ndani ndiko wengi walikofundishwa kuusuka. Bibi harusi huondoka kwao na mikeka. Msala ni mkeka mdogo wa kumsujudia Mungu. Kabla vyandarua havijaenea, watu wa bonde la Rufiji walijikinga na mbu kwa kulala ndani ya fumba, mkeka ulioshonwa ukawa mfuko. Na safari ya mwisho, ndani ya jeneza, chini ya sanda, mna mkeka. Wa mama aliuweka tayari mwenyewe miaka mingi kabla, juu ya dari, na alikuwa akiutaja kama mtu anayetaja mahali alipoweka chumvi.

Mbali sana na hapa, katika visiwa vya Samoa, kuna mikeka myembamba iitwayo 'ie Samoa. Hutolewa zawadi katika misiba na arusi, hupokelewa kwa heshima mbele ya watu, nayo huhesabiwa kuwa mali ya ukoo. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nililisoma hilo kwa furaha na kwa wivu kidogo. Kwetu mkeka hautolewi hotuba. Huletwa, hukaliwa, hukung'utwa. Labda ndiyo sababu hatukuweka hesabu ya nani alisuka upi.

Leo mkeka wa plastiki umeenea, na sitaukejeli. Ni mwepesi, huoshwa kwa sabuni, hukauka upesi, na bei yake anaiweza mwanafunzi. Mama mwenyewe alikuwa nao jikoni. Masika ya mwaka 2024, mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti na watu wakahama na walichoweza kubeba, mkeka wa ukindu ukilowa ulikuwa mzigo, na ukikaa na maji ulioza. Wa plastiki ulikung'utwa ukatandikwa tena. Faida ya ukindu huonekana mchana wa joto, mgongo ukiwa wazi: unapitisha hewa, hauchomi wala haunati kwa jasho. Na ukichakaa hurudi udongoni bila kumsumbua mtu.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, tuliketi kugawana vitu vya mama. Mikeka michache ilikuwa imebaki ndani. Kaka yetu anayeishi Dar es Salaam alipendekeza mizuri kuliko yote iwekwe kwenye fremu za kioo, itundikwe sebuleni, wajukuu wapate kuiona. Alisema kwa mapenzi, na wengi wetu tulikuwa karibu kukubali. Mama mdogo, ambaye alisuka bega kwa bega na mama tangu usichana, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ukutani atakaa nani, mwanangu?"

Tulicheka, tukajadili upya. Waislamu tunafundishwa kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Tukaipima mikeka kwa mizani hiyo. Mkeka ulio ndani ya kioo hauendelei na lolote. Msikiti wa mtaani siku hizi una zulia ukuta hadi ukuta, lakini watoto wa madrasa bado huketi chini, wakisogea na kivuli. Mikeka miwili ilikwenda huko. Mwingine alipewa jirani aliyekuwa kwenye eda. Iliyobaki tuligawana, kwa sharti lililotolewa na mama mdogo kwamba italaliwa. Itachakaa, na sisi tutaiona ikichakaa. Kaka aliuchukua wake. Nasikia wanawe huutumia kulia wali.

Ya elimu ndiyo ngumu. Katika sisi wote hakuna aliyeweza kusuka ukili wa kuuza. Mama alitupeleka shule kwa mikeka ili tusilazimike kuisuka, na alifanikiwa. Dada yetu mdogo, ambaye ni mwalimu, amekuwa akienda kwa mama mdogo wakati wa likizo. Nimemtembelea huko. Anachana vizuri sasa, lakini kuunga bado kunamshinda. Vincha vyake vinakaa foleni moja. Mama mdogo hugeuza ukili, hutazama, husema "fumua," kisha huendelea na wake. Dada hufumua. Hasemi kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya kumbukumbu ya mama. Anasema ukili unamtuliza kichwa, na kwamba amegundua unaweza kusahihisha madaftari, ukausuka, ukarudi kwenye madaftari.

Mimi sisuki. Nimebaki na wajibu wa mnunuzi, na nao una ufundi wake. Ukipita Kibiti au Ikwiriri ukaona mikeka imeegemezwa kando ya barabara, shuka. Geuza upande wa chini, tazama vincha vimetawanyikaje. Kisha, kabla hujataja bei, fuata njia ya nyuma: kushona, kusuka, rangi, kuchana, kuanika, miba, bonde. Mama alikuwa na msimamo na bei yake karibu mwaka mzima. Aliyetaka kumpunja alikaribishwa maji ya kunywa na kuagwa vizuri. Lakini shule zilipokaribia kufunguliwa mwezi Januari, alikubali bei yoyote, na wachuuzi waliujua mwezi huo vizuri. Sisi pia tunaujua. Tukipita barabara ile Januari, hatuombi kupunguziwa.